Mkono wa Kushoto Ulikuwepo

Siku ya tatu ya dozi, saa moja na robo asubuhi, fundi vioo alikuwa jikoni kwake akimenya yai la kuchemsha wakati mkono wake wa kushoto ulipokohoa. Ulikohoa mara mbili, kikohozi cha mwanamume mwenye mafua, kisha ukasema, "Anayefuata!"

Binti yake, aliyekuwa akinyonyesha upande wa pili wa meza, aliinua kichwa.

"Unasemaje, mama?"

"Si mimi. Ni mkono."

Binti aliutazama mkono. Sauti ilikuwa imetoka chini kidogo ya bega, penye kovu dogo la mviringo ambalo fundi alikuwa nalo tangu utotoni.

"Labda ni dawa," binti alisema.

"Labda." Fundi alinyunyizia yai lake chumvi, akalila, akanawa, akaenda kazini.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameimalizia katika karakana ya vioo nyuma ya soko la mbao. Vioo vya madirisha, vya kabati, vya meza za ofisini, vya picha za harusi, vyote vilipita mikononi mwake. Alijua kulaza rula, kuchovya kisu chenye ncha ya almasi katika mafuta ya taa, kuvuta mstari mmoja bila kurudia, kisha kukigonga kioo kwa chini hadi kikaachana taratibu, bila ugomvi. Lakini kwa miaka sita mkono haukuwa ukimtii. Alikuwa akiamka amechoka. Alichoka kwa kuchana nywele, alichoka kwa kufunga vifungo. Vioo vilianza kumpasukia kabla ya mwisho wa mstari, na bosi wake, mtu mpole asiyependa maneno mengi, akawa anampa fremu ndogo ndogo za picha, kazi ya wanaojifunza.

Ugonjwa wenyewe ulijulikana kwa bahati tu. Binti alipojifungua alipoteza damu nyingi, na hospitali ikawaomba ndugu wachangie damu kufidia ile aliyoongezewa. Fundi alikuwa wa kwanza kukunja nguo begani. Wiki mbili baadaye alipigiwa simu: damu yake isingetumika, na yeye mwenyewe alitakiwa afike.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana, akiongea polepole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Una homa ya ini aina ya C, mama. Virusi vimekaa katika damu yako miaka mingi, labda arobaini, vikilila ini kidogo kidogo. Ini lina makovu, lakini bado linafanya kazi. Zamani tungekuchoma sindano mwaka mzima, na wengi wasingepona. Siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku kwa wiki kumi na mbili. Na sisemi utapata nafuu. Nasema utapona."

"Nimeupata wapi?"

"Unapita kwenye damu. Uliwahi kuongezewa damu? Kuchanjwa kwa wembe? Sindano?"

Fundi alisema sindano ni kama mvua, nani anazihesabu. Daktari akakubali. Alimweleza pia kwamba ugonjwa hauambukizwi kwa kikombe wala kwa kushikana mikono, lakini maneno hayo hayakufika karakanani. Fundi mwenzake, aliyeitwa Milimita kwa sababu hakuna kitu alichokipima mara moja, alikiweka kisu chake cha kukatia vioo kwenye sanduku na kulifunga kufuli. Wakata vioo hujikata. Fundi alipochanika kidole, Milimita aliruka nyuma hatua tatu, na kwa kuwa alikuwa yeye, zilikuwa hatua tatu zilizolingana.

Lakini aliyemjia fundi akilini siku ile alipotoka kwa daktari hakuwa Milimita, wala hakuwa yeye mwenyewe. Alikuwa dada yake.

Dada alikuwa amekufa miaka minne nyuma, tumbo limevimba kama la mjamzito wa miezi saba, macho ya njano. Ini, walisema. Na mtaani kila mtu alijua kinachoharibu ini. Mumewe, mwalimu wa hesabu, mtu wa kunyoosha mambo, alikuwa ameipekua nyumba akitafuta chupa za pombe. Alitafuta uvunguni, juu ya dari, ndani ya tangi la maji, hata kwenye pipa la unga alizamisha mkono hadi bega. Hakukuta chupa hata moja, naye akahitimisha kwamba mkewe alijua kuficha. Siku ya mazishi alisimama mbele ya watu akawaomba wamsamehe marehemu kwa udhaifu wake. Watoto wawili wa dada waliinamisha vichwa. Fundi aliondoka kabla udongo haujasawazishwa, na tangu siku hiyo yeye na shemeji yake hawakuwa wamesemezana.

Siku ya nne ya dozi mkono ulisema tena, robo saa baada ya kidonge. "Anayefuata!" Safari hii ulifuatiwa na mlio wa sinia la chuma. Siku ya saba zilisikika nyayo za watoto wengi zikiburuzwa sakafuni. Mwanzoni kulikuwa na mkwaruzo kama wa redio iliyo mbali na mitambo, lakini kadiri vidonge vilivyopungua kwenye kopo ndivyo sauti ilivyotakata, na kufikia siku ya kumi na tano binti aliweza kusema kwa uhakika kwamba ndani ya chumba kile mlikuwa na dirisha wazi, kwa sababu nje palikuwa na mtu anapasua kuni.

Siku ya ishirini na nane fundi alikwenda kliniki. Muuguzi, ambaye wagonjwa wote walimwita Sista, alikuwa na fomu mbele yake.

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo."

"Kichefuchefu?"

"Hapana."

"Mkono unaongea?"

"Unaongea."

"Wa kulia au wa kushoto?"

"Wa kushoto."

Sista aliandika. "Wewe ni wa saba wiki hii. Wote ni wa kushoto, na wote mlisoma ile shule ya karibu na kiwanda cha matofali."

"Kuna dawa yake?"

"Hakuna. Lakini haizuii kidonge kufanya kazi. Ulianza na virusi milioni sita, mama. Leo tumehesabu mia mbili."

Fundi alimwomba arudie. Sista akarudia, na safari hii aliigeuza karatasi ili asome mwenyewe. Alipotoka pale alipanda ngazi za hospitali badala ya kuzishuka, akafika ghorofa ya tatu asikokuwa na shughuli yoyote, akasimama pale akijisikiliza. Hakuwa akihema. Akashuka taratibu, akicheka peke yake.

Wiki hiyo hiyo alimwambia bosi kwamba fremu za picha zimemchosha, ampe kioo cha meza. Bosi alimpa. Kilikuwa kirefu kama mlango. Alivuta mstari, akakigonga, na kioo kikaachana moja kwa moja. Milimita alikuja kupima ukingo. Alipima mara tatu, akarudi mahali pake.

Siku ya thelathini na tatu, mkono ulisema mengi zaidi. Kwanza ilisikika sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu anayemwogopa mkubwa wake.

"Daktari, zile mpya zipo kabatini. Boksi zima."

"Ziache," ilijibu ile sauti yenye mafua. "Kesho wakaguzi wanakuja kuangalia darasa la tano na la sita. Nataka wakute boksi halijafunguliwa."

"Lakini hii sindano imeshamaliza darasa la kwanza na la pili."

"Ifute kwa pamba. Anayefuata!"

Binti aliacha kumbembeleza mtoto. Fundi alinyanyua kikombe, akanywa chai iliyobaki, akakirudisha. "Darasa la tatu," alisema. "Mimi nilikuwa darasa la tatu."

Siku ya arobaini na moja aliimeza dawa yake amesimama, kwa kuwa alikuwa amechelewa. Ilipofika robo saa, alikuwa mlangoni anavaa viatu.

"Wewe si wa darasa hili," mkono ulisema kwa sauti ya daktari.

"Mimi ni wa la sita," ilijibu sauti ya msichana. "Nimemleta mdogo wangu. Anaogopa. Nichome mimi kwanza, aone."

"Darasa la sita ni kesho."

"Si nichome leo tu? Kesho nitawaambia nimeshachomwa."

Mkono ukanyamaza. Fundi alikaa kizingitini, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alikuwa akikumbuka siku ile kwa mbali sana, mkono wake ndani ya mkono wa dada yake, na harufu ya spiriti. Alikuwa na miaka minane, dada ana kumi na miwili. Alichokuwa hajui hadi leo ni kwamba foleni ile haikuwa ya dada. Alihesabu kwa vidole kama mtoto: leo, kesho. Kesho wakaguzi, kesho boksi jipya. Dada alikuwa amebakiza siku moja tu.

Hakwenda kazini. Alikwenda kwa shemeji yake.

Mwalimu alikuwa barazani anasahihisha madaftari ya watoto wa mtaani, ingawa alikuwa ameshastaafu. Alipomwona, aliifunika kalamu yake.

"Karibu, shemeji."

"Sikai. Nimekuja kukuambia dada hakunywa."

"Kasema nani?"

"Mkono wangu. Alichomwa sindano chafu shuleni, mbele yangu. Ni ugonjwa ule ule nilio nao mimi, nami unanijua, sijawahi kuonja."

Mwalimu alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu, na kwa miaka minne alikuwa ameishi na jibu lisilokuwa na njia. "Mkono wako ni ndugu yake," alisema hatimaye. "Ndugu humtetea ndugu."

"Basi njoo kliniki mwezi ukiisha. Ipo mikono kumi na mmoja sasa, na kumi si ndugu zetu."

"Siku hiyo nina kazi."

"Sawa," fundi alisema, akamwachia tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi.

Siku ya kliniki Sista alikuwa amewaagiza wote kumi na mmoja waje na vidonge vyao, wavimeze pale pale saa mbili kamili, ili aandike dalili zote kwa mkupuo asipoteze asubuhi nzima. Walikaa kwenye korido, viti vimepangwa ukutani. Wazo la kukaa kwa mpangilio lilitolewa na dereva wa lori, mtu mnene mwenye sauti ya kupiga honi, ambaye tangu wiki iliyopita alikuwa ameshughulishwa na jambo moja: mkono wake ulikuwa ukiishia pale msichana aliyekuwa nyuma yake alipoomba achomwe, na alitaka kujua kilichofuata.

"Tukae kama siku ile," alisema. "Nani alikuwa mbele ya nani?"

Haikuwa kazi nyepesi. Walikuwa watu wa miaka hamsini na kitu, wengine hawakuonana tangu shule. Waliulizana majina ya utani, wakakumbushana nani alikuwa na kaptura iliyochanika na nani alikuwa akiiba chaki, wakahama viti, wakacheka. Mwisho walipata mstari. Dereva alikaa, na baada yake kikaachwa kiti kimoja kitupu, kisha fundi vioo. Hapo ndipo mwalimu alipotokea mlangoni, shati limepigwa pasi, karatasi ya tarehe mkononi. Viti vingine vyote vilikuwa na watu.

"Mzee asisimame," dereva alisema. "Kaa hapa."

Mwalimu akakaa kati ya dereva na shemeji yake.

Saa mbili na robo mkono wa kwanza, wa mama mmoja mpiga rangi, ulianza. Kilisikika kiti kikisogezwa, sinia likiwekwa mezani, daktari akipiga chafya. Ulipoishia, mkono wa pili ulidakia. Ule mnong'ono wa kabati na boksi ulipita kwenye mkono wa tatu na wa nne, wazi kabisa, neno kwa neno. Wagonjwa wengine waliokuwa wakisubiri kupimwa presha walisogea kusikiliza. Msafishaji wa korido aliegemea fagio lake. Sista aliandika hadi ukurasa ukajaa, akageuza.

Kisha mkono wa dereva ulisema, "Anayefuata!" na sauti ya msichana ikaingia. Nimemleta mdogo wangu. Anaogopa. Nichome mimi kwanza, aone.

Ikafika zamu ya kiti ambacho mwenye mkono wake hakuwepo. Palikuwa kimya kwa muda wa mtu kuchomwa sindano na kuvuta pumzi. Mwalimu alikaa wima kabisa, mikono magotini.

Mkono wa fundi ukaendelea. "Umeona? Wala haiumi," alisema yule msichana. Halafu akacheka, kicheko kifupi kinachoishia puani. "Usiitazame sindano. Nitazame mimi. Haya, sema majina ya wiki."

"Jumatatu," ilisema sauti ndogo, ambayo fundi aliitambua kuwa yake. "Jumanne. Jumatano. Aah!"

"Imekwisha. Si nilikuambia?"

Mikono mingine iliendelea hadi mwisho wa mstari, lakini mwalimu hakuisikiliza. Alikuwa amegeuka kumtazama shemeji yake.

"Ndiye," alisema. "Kile kicheko cha puani ndicho alichonicheka siku nilipokwenda kwao kuposa."

"Ndiye."

"Na foleni haikuwa yake."

"Haikuwa yake."

"Niliingiza mkono kwenye pipa la unga," mwalimu alisema. "Hadi hapa." Aligusa bega lake. Kisha akalia, bila kujifunika uso, katikati ya korido, na dereva wa lori alimpa leso yake na kuendelea kumshika bega mpaka alipomaliza.

Alichofanya baadaye alikifanya kwa utaratibu. Aliandika majina ya nyumba zote zilizohudhuria mazishi ya mkewe, zikawa thelathini na moja, akazipanga kuanzia iliyo karibu. Kwa siku tisa, kila alasiri, alivaa shati lile lile la pasi akaenda kubisha hodi. Alikataa kuketi. "Nilisimama mbele yenu nikasema mke wangu alikunywa," alikuwa akisema. "Nilikosea. Hakunywa hata tone. Aliugua kwa kumpenda mdogo wake. Naomba mlisahau lile na mlishike hili." Watoto wake wawili, watu wazima sasa, walimfuata nyuma, na safari hii hawakuinamisha vichwa. Walikuwa wamekwenda kupimwa wote wawili. Hawakuwa na kitu. Nyumba ya ishirini na tisa, mama mmoja aliyekuwa mstari wa mbele kueneza habari za chupa alianza kusema kwamba yeye hakuwahi kuamini, na mwalimu akamjibu kwa adabu kwamba yeye mwenyewe alikuwepo mama huyo alipokuwa akiamini.

Wakati huo huo fundi na dereva walikwenda ofisi ya afya. Karani aliwapokea vizuri. Walimeza vidonge mbele yake, wakangoja robo saa, naye akaisikiliza mikono yote miwili hadi mwisho bila kuwakatisha.

"Nimesikia," alisema. "Ni jambo zito." Akatoa fomu ya ushahidi. "Shahidi atie sahihi hapa."

Fundi alichukua kalamu.

"Ngoja, mama. Unaandika kwa mkono wa kulia."

"Ndiyo, ndio ninaoandikia."

"Aliyetoa maelezo ni wa kushoto. Huu wa kulia haukuchomwa, haukusikia, hauwezi kutia sahihi kwa niaba."

Fundi aliihamisha kalamu mkono wa kushoto, akaandika jina lake kwa herufi zilizolala kama nyasi. Karani aliilinganisha na kitambulisho, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli: hazikufanana. Alijitahidi kuwasaidia. Alipiga muhuri unaosema WAMESIKILIZWA, akalitia jalada kwenye kabati, akalifunga.

"Kuna mengine humo?" dereva aliuliza.

"Limejaa," karani alisema.

Siku ya themanini na nne fundi alimeza kidonge cha mwisho. Aliligeuza kopo juu chini, akaligonga mezani, likalia tupu. Binti alimkumbatia, mtoto akabanwa katikati, akalalamika. Sasa ilibaki kungoja wiki kumi na mbili nyingine, kisha damu ipimwe, ndipo neno lenyewe litamkwe.

Katika wiki hizo karakana ilipata kazi kubwa: vioo vyote vya wodi mpya ya magonjwa ya ini. Bosi alimpa fundi kile kilichokuwa kigumu kuliko vyote, kioo kinene cha juu ya mlango, ambacho kingechorwa jina la jengo. Milimita alilifungua sanduku lake, akatoa kisu chake, kile kizuri, akamkabidhi.

"Kitaharibika bure humo," alisema. "Halafu, nilisema na daktari. Kumbe hata kikombe hakina neno."

"Sasa unanipa kwa kuwa daktari amesema?"

"Nakupa kwa kuwa mimi nikikikata kile kitapasuka."

Fundi alikipanda kioo kwa goti, akavuta mstari kutoka mwanzo hadi mwisho, mita mbili na nusu, kwa pumzi moja. Kiliachana kikalia kama kengele, na karakana nzima ikapiga makofi, hata mteja aliyekuja kununua kioo cha kunyolea. Mchoraji wa maandishi alikuja kesho yake na jina. Lilikuwa jina la daktari yule wa shule, ambaye bado alikuwa hai, mwenye miaka tisini na moja, na aliyehesabiwa kuwa baba wa afya katika mji ule. Fundi alilisoma, akamuuliza mchoraji kama ana uhakika wa tahajia. Alikuwa na uhakika.

Siku ya ufunguzi mzee huyo alikata utepe akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Mafua yake hayakuwa yamepona. Baada ya hotuba fundi alimwendea, akainama kumwamkia.

"Shikamoo, daktari. Mimi ni mmoja wa watoto wa darasa la tatu. Zile sindano mpya zilibaki kabatini."

Mzee alimtazama kwa muda, na macho yake yakang'aa kwa kumbukumbu.

"Wakaguzi walifurahi sana," alisema. "Boksi lilikuwa na utepe wake. Walitupa cheti."

Akampigapiga mkononi, ule wa kushoto, kwa upole, na akasukumwa kwenda kula keki. Mikono yote iliyokuwepo ilikaa kimya, kwa sababu ilikuwa saa kumi alasiri na yenyewe husema asubuhi.

Majibu fundi aliyapokea chini ya kioo chake mwenyewe. Kufikia hapo waliotibiwa kutoka shule ile walikuwa wamefika arobaini na mmoja, na wale kumi na mmoja wa mwanzo waliitwa siku moja. Sista aliwasomea mmoja mmoja, kwa sauti, maana walikataa kusomewa faraghani. Virusi havikuonekana. Virusi havikuonekana. Kila aliposema hivyo, korido nzima ilipiga kelele, na dereva wa lori alipiga honi yake kwa mdomo. Mama mpiga rangi peke yake ndiye aliyekuwa na mabaki. Alipewa dawa ya aina nyingine, akapona nayo miezi michache baadaye, na wakakusanyika upya kupiga kelele zake.

"Umepona, mama," Sista alimwambia fundi. "Kinga mwilini itaendelea kuonyesha kwamba uliwahi kuugua, lakini ni alama tu. Ini tutaendelea kuliangalia. Na mkono?"

"Bado unasema. Hata bila kidonge."

"Unakuudhi?"

"Hapana."

"Basi tuuache."

Mkono ulikuwa umeshatoka ndani ya chumba cha sindano. Ulikuwa umefika uani, kengele imelia, na wasichana wawili walikuwa wakienda nyumbani kwa miguu. Haukuwa na haraka. Kila asubuhi ulisogea kama dakika moja ya siku ile. Ilipofika Jumapili mwalimu alikuja na watoto wake, na kitinda mimba wa dada alileta mkate. Walikaa kuzunguka meza, fundi akaukunja mkono wa gauni hadi begani.

"Nibebee na begi langu," yule msichana alisema. "Mimi ndiye niliyechomwa kwanza, kwa hiyo maumivu yangu ni makubwa."

"Ulisema haiumi!"

"Nilikudanganya. Shika vizuri, usiburuze."

Watu wote mezani walicheka, na mwalimu akacheka kuliko wote. Kisha alitoa kalamu, akapiga hesabu pembeni mwa gazeti: saa waliyotoka shule, saa ya kulala kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, dakika moja kwa siku.

"Tunaye mwaka mmoja na miezi minne," alitangaza.

"Na akishalala, baba mkubwa?" binti aliuliza.

Mwalimu aliifunika kalamu.

"Akishalala," alisema, "tutangoja aamke."